Si kupiga teke tu: dhana potofu kuhusu wapiga mikwaju wa futiboli ya Kimarekani

Dada yangu alinipigia simu usiku, ndiyo kwanza katoka kazini. "Kaka, kocha wa futiboli kamwona mtoto akipiga mpira pale shuleni. Anasema akijiunga nao atapata ada ya chuo. Kazi yenyewe eti anaingia uwanjani mara tatu nne, anapiga, anatoka. Ni kweli hayo?"

Mtoto ana miaka 16. Amekulia kwenye soka, na sasa tunaishi Iowa, Marekani, ambako futiboli yao ndiyo inayojaza viwanja. Nilimwambia dada anipe siku mbili tatu. Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka, wa vyuo na ule wa ukumbini, na wapiga mikwaju ndio ninaowapenda kuliko wote. Jibu likawa refu, nikaona niliandike. Si dada peke yake anayeambiwa maneno hayo. Wazazi wengi tuliohamia huku tunaambiwa, na ndugu zetu walioko nyumbani, wanaotazama vipande vya video kwenye simu, nao wana yao.

Kwa asiyeujua mchezo: timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikikwama mbele ya lango la wapinzani, anaitwa mpiga mikwaju aupitishe mpira kati ya milingoti miwili, juu ya mtambaa panya. Akifaulu ni pointi 3. Timu yake ikipata tachidauni, yenye pointi 6, anaingia tena kupiga ile ya nyongeza, pointi 1.

"Anayejua soka, hapa ni mteremko"

Dhana hii ina mahali ilikotokea. Hadi miaka ya 1960 Wamarekani walipiga kwa ncha ya kiatu, wakiukabili mpira uso kwa uso. Pete Gogolak, ambaye familia yake ilikimbia Hungary, ndiye aliyekuja na mtindo wa soka: kuujia mpira kwa pembeni na kuupiga kwa mgongo wa mguu. Alianza nao chuo cha Cornell, akaingia nao timu ya kulipwa, Buffalo Bills, mwaka 1964. Mdogo wake Charlie, wa Princeton, alichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya mwaka 1966, ambamo timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hupokezana kuchagua vijana wapya. Mark Moseley, aliyekuwa amebaki na mtindo wa zamani, alistaafu 1986, na leo wote wanapiga kisoka.

Afrika nayo imo. Chuo cha Clemson, South Carolina, kilikuwa na Obed Ariri kutoka Nigeria, mcheza soka aliyegeuzwa mpiga mikwaju. Alipomaliza mwaka 1980, hakuna aliyekuwa amefunga mikwaju mingi kuliko yeye katika historia ya vyuo. Nyuma yake pale pale Clemson akaja Mnigeria mwingine, Donald Igwebuike, aliyetwaa ubingwa wa taifa na chuo hicho mwaka 1981. Ariri alipigia timu ya NFL, Tampa Bay Buccaneers, msimu wa 1984. Mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Igwebuike. Watu wawili wa nchi moja, chuo kimoja, wakipokezana kiti kimoja.

Kwa hiyo soka ni mlango, hilo sibishi. Lakini kuujia mpira kisoka si sawa na kucheza soka. Siku ya kwanza nilikwenda na mpwa wangu uwanja wa shule, nikamshikia mpira kwa kidole kimoja, umesimama kwa ncha kama yai. Alipiga kama anavyopiga frikiki: mwili umeegemea nyuma, mguu unakata kwa ndani ili mpira upinde. Ukaenda kweli ukapinda, ukatua karibu na benchi. Mkwaju wa pili ulipita chini, kimo cha kiuno. Kwenye mechi ungeishia mgongoni kwa mwenzake. "Mjomba, huu mpira una nini?" aliniuliza, anaugeuzageuza.

Mpira hauna kosa, ila una mahali pamoja tu panapofaa kupigwa, chini kidogo ya tumbo lake, na panapopiga ni ule mfupa mgumu wa juu ya mguu. Kupinda, ambako kwenye soka ni ufundi, hapa ni kasoro. Mguu unatakiwa umalizie kuelekea langoni, wala usizunguke mwili. Kuna na hatua zenyewe: tatu nyuma, mbili pembeni, kila mara vilevile, uwanja uwe mkavu uwe tope. Tangu mpira uanze kurushwa hadi mguu uuguse, muda unaolengwa ni kama sekunde 1.3. Ukichelewa, wale wa upande wa pili wameshafika, mikono juu.

"Akikosa, kakosa yeye"

Mkwaju mmoja una mikono ya watu wawili kabla ya mguu wa mmoja. Yupo anayeinama na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, yadi 7 au 8. Yupo aliyepiga goti, anaudaka, anausimamisha na kuugeuza ili ile mishono ya kamba itazame langoni. Mishono ikimtazama mpigaji, mpira unaweza kwenda kombo hata kama teke lilikuwa safi. Jukwaani haya hayaonekani. Kinachoonekana ni mpira umepita nje na mtu mmoja ameinamisha kichwa.

Tarehe 30 Novemba 2013 Alabama walicheza na Auburn, vyuo viwili mahasimu wa jimbo moja. Cade Foster wa Alabama alikosa mikwaju mitatu, mmoja ukiwa umezuiwa. Sekunde ya mwisho, matokeo 28 kwa 28, kocha akamwita kijana mwingine, Adam Griffith, ajaribu yadi 57. Mpira ukapungua nguvu, Chris Davis wa Auburn akaudaka ndani kabisa ya eneo lake na kukimbia nao uwanja mzima. Auburn 34, Alabama 28. Baada ya hapo Foster alitumiwa vitisho vya kuuawa, mwanafunzi wa chuo, kwa sababu ya mchezo. George W. Bush, rais mstaafu, alimwandikia barua kwa mkono kumtia moyo. Mzazi anayenisikiliza asilichukulie hili kijuujuu. Kama mtoto ataingia kwenye kazi hii, simu yake itakuwa nzito siku atakapokosa, na anahitaji watu nyumbani wanaojua kwamba mkwaju una watu watatu.

"Mwenye mguu mzito ndiye atakayefika mbali"

Rekodi za umbali zina utamu wake, nami nazipenda. Tarehe 16 Oktoba 1976, huko Texas, Ove Johansson, Mswidi wa chuo cha Abilene Christian, alipiga yadi 69, yaani mita 63. Siku hiyohiyo, jimbo hilohilo, Tony Franklin wa Texas A&M alifunga ya yadi 64 na ya 65 katika mechi moja, na Franklin alikuwa anapiga peku. Hebu fikiria mtu aliyekuwa na redio Texas mchana ule. Huko NFL, Justin Tucker alifunga ya yadi 66 mwaka 2021, mpira ukagonga mtambaa panya na kudondokea upande wa pili. Mwaka 2025 Cam Little akafikisha 68.

Lakini Johansson, na yadi zake 69, alicheza mechi 2 tu za NFL. Kocha halipi mshahara kwa mkwaju mmoja wa ajabu. Analipa kwa ile ya yadi 35 iliyopita mara tisa kati ya kumi, kwenye upepo na baridi. Vyuoni kuna na jambo la pembe. Mistari ambako mpira huwekwa imeachana futi 40, wakati NFL imeachana futi 18 na nusu, sawasawa na upana wa lango. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo mara nyingi hupiga kutoka pembeni zaidi kuliko mtu wa NFL, na umbali ukiwa mfupi pembe ndiyo inazidi kubana.

"Aliyetamba chuoni NFL inamsubiri"

Roberto Aguayo alipokuwa Florida State hakukosa hata pointi moja ya nyongeza, na mwaka 2013 alichukua tuzo ya Lou Groza ya mpiga mikwaju bora wa vyuo. Tampa Bay wakamchagua raundi ya pili ya drafti ya 2016, mapema mno kwa kazi hii. Msimu wake wa kwanza alifunga 22 kati ya 31. Agosti iliyofuata akatemwa.

Kinyume chake, Adam Vinatieri alitoka South Dakota State bila kuchaguliwa na yeyote, akaenda kucheza Uholanzi na Amsterdam Admirals, na ndiye anayeongoza kwa pointi katika historia yote ya NFL: 2,673. Alicheza hadi ana miaka 46. Na Tucker niliyemtaja naye hakuchaguliwa na timu yoyote.

Sababu ni hesabu ya nafasi. NFL ina timu 32, na kila timu huwa na mpiga mikwaju mmoja. Nafasi 32 dunia nzima, na aliyeishika vizuri anaweza kuikalia miaka kumi na tano. Kijana anaweza kuwa bora kabisa na asikute kiti kilicho wazi. Anaitwa kambini Julai, anapiga vizuri, anarudishwa nyumbani Agosti kwa sababu mzee mwenye nafasi yake hakuumia. Tunaposema fulani "alishindwa", tuangalie kwanza kama palikuwa na kiti.

"Futiboli ya ukumbini ni ya walioshindwa"

Hapa naomba nitulie, maana ndipo ninapoona watu wanaonewa zaidi.

Futiboli ya ukumbini inachezwa ndani, kwenye kumbi za mpira wa kikapu na hoki. Uwanja una yadi 50 badala ya 100, na kuta zenye magodoro pembeni badala ya mstari wa chokaa. Jim Foster aliibuni alipokuwa anatazama soka ya ukumbini mwaka 1981, akachora uwanja juu ya bahasha. Ligi yake, Arena Football League, ilianza 1987, ikasimama msimu wa 2009, ikarudi, ikafungwa tena 2019. Leo ligi nyingine zinaendelea na mchezo, na huku kwetu Des Moines wako Iowa Barnstormers, wenye jina lilelile la timu aliyoanzia Kurt Warner kabla hajawa nyota wa NFL.

Sasa tazama lango. Lango la chuo na la NFL lina upana wa futi 18 na nusu, mita 5.64, na mtambaa panya uko mita 3.05 kutoka chini. Lango la Arena Football League lilikuwa na upana wa futi 9, mita 2.74, yaani chini ya nusu. Na mtambaa panya ukapandishwa hadi futi 15, mita 4.57. Kwa wapenda soka: ni kama mtu aambiwe apige penalti kwenye lango lenye upana wa mlango wa gereji, lililoning'inizwa juu ya ghorofa ya kwanza. Mara ya kwanza nilipoliona kwa macho nilidhani halijafunguliwa lote.

Pembeni mwa milingoti, kila upande, kulikuwa na wavu mkubwa uliokazwa, upana futi 30 na kimo futi 32. Mpira ukikosa lango na kugonga wavu unarudi uwanjani, na mchezo unaendelea. Mpinzani anaudaka anakimbia. Kwa hiyo mkwaju uliokosa haukuwa mwisho wa jambo, na mpigaji alitakiwa ageuke hapohapo awe mlinzi, amzuie mtu mwenye kilo mia anayemjia kati ya kuta mbili.

Na sheria yao moja ndiyo inayovuruga takwimu. Ligi hiyo ilikataza lile teke la kuurudisha mpira mbali, ambalo timu za viwanja vya wazi hulitumia zikikwama. Timu ikikwama kwenye nafasi ya nne ilikuwa na njia mbili: kujaribu kusogea, au kupiga lango kutoka popote ilipo. Mara ngapi mpigaji aliitwa ajaribu yadi 50 na zaidi, kocha akijua fika kwamba haipiti, ili tu mpira ugonge wavu na wapinzani waanzie nyuma! Ile nayo iliandikwa kwenye kitabu kama mkwaju uliokosa. Halafu mtu anakaa na simu yake, anasoma asilimia, anacheka: "Huyu hafungi hata nusu." Asilimia ya ukumbini na asilimia ya chuo haziwekwi kwenye mizani moja.

Upo na ufundi ambao kwenye viwanja vya wazi umebaki kumbukumbu: kuudondosha mpira wenyewe chini na kuupiga pale unapodunda, bila mtu wa kuushika. NFL haijaukataza, ila Doug Flutie alipoufanya Januari 2006 ilikuwa mara ya kwanza tangu 1941 kufunga hivyo. Ukumbini ulilipwa zaidi: pointi 4 badala ya 3, na 2 badala ya 1 kwa ile ya nyongeza.

Na wapo waliopita humo wakaenda juu. Rob Bironas alianzia Auburn, akamalizia Georgia Southern, drafti haikumtaka. Akazunguka kambi za NFL akirudishwa, huku akipigia timu za ukumbini, Carolina Cobras na New York Dragons zikiwemo. Tennessee Titans walimchukua 2005. Mwaka uliofuata akawafunga Colts kwa mkwaju wa yadi 60, na Oktoba 2007 akafunga mikwaju 8 katika mechi moja dhidi ya Houston, rekodi ya NFL. Mike Vanderjagt naye alipita Minnesota Fighting Pike mwaka 1996, na miaka saba baadaye akiwa Indianapolis alimaliza msimu mzima hajakosa.

Lakini nisiwataje hao tu, kana kwamba ukumbi una thamani pale tu unapomfikisha mtu kwingine. Remy Hamilton aliwafunga Notre Dame akiwa Michigan mwaka 1994, yadi 42, zikiwa zimebaki sekunde 2, matokeo 26 kwa 24. Baadaye alipiga miaka na miaka Los Angeles Avengers, na ukumbini ndiko alikojenga jina. Mimi namhesabu mtu wa namna hiyo fundi kamili.

"Huko kuna hela"

NFL, ndiyo. Ukumbini, hapana, na dada alitaka nimwambie bila kuficha. Arena Football League iliporudi 2010 malipo ya kawaida yalikuwa dola 400 kwa mechi, na msimu ulikuwa na mechi 16 au zaidi kidogo. Wengi wanafundisha, wanabeba mizigo bohari, wanauza bima, kisha Jumamosi wanavaa jezi. Nao wanafanya hivyo wakijua. Wanaipenda kazi, na wanataka mguu uwe tayari kama simu italia.

"Si kazi ya wasichana"

Katie Hnida alifunga pointi mbili za nyongeza akiwa New Mexico, tarehe 30 Agosti 2003, mwanamke wa kwanza kupata pointi katika daraja la juu la vyuo. Mwaka 2010 alisajiliwa na timu ya ukumbini, Fort Wayne FireHawks. Kabla yake Liz Heaston alifunga akiwa Willamette mwaka 1997, na Desemba 2020 Sarah Fuller, golikipa wa soka wa Vanderbilt, alifunga dhidi ya Tennessee. Nina binti wa miaka 9 na sina la kuongeza.

"Kocha wa sekondari akisema skolashipu ipo, ipo"

Hili ndilo dada aliloliuliza hasa. Ipo, lakini wapiga mikwaju wengi huanza chuoni bila ufadhili wowote, wanajiunga kwa majaribio, wanasugua benchi mwaka au miwili wakijilipia, na wengine hupewa baadaye. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la juu kilikuwa na nafasi 85 za ufadhili, na kocha aliona uchungu kumpa mtu anayepiga tu. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini, kwa hiyo hata ile nafasi ya kujiunga kwa majaribio imebana.

Na kuna jambo ambalo yule kocha hakumwambia mama. Lango la sekondari lina upana wa futi 23 na inchi 4, mita 7.11, karibu sawa na la soka. La chuo ni mita 5.64. Tena sekondari mtoto anaruhusiwa kuweka mpira juu ya kibao kidogo cha mpira mgumu, unainuka kutoka kwenye nyasi. Vyuo vilikiondoa kibao hicho 1989. Mtoto anayefunga kila kitu Ijumaa usiku, juu ya kibao, kwenye lango pana, hajajipima bado.

Basi mimi na mpwa wangu tumekiweka kibao kabatini. Nimefunga utepe mweupe kwenye lango la mazoezi, mita 5.64, nilipima mwenyewe kwa futikamba. Jumamosi ya kwanza, kutoka yadi 30, alipata 4 kati ya 15, akarudi nyumbani hasemi. Jumamosi iliyopita alipata 9, na mitatu kati ya aliyokosa ilikuwa mimi, sikugeuza mishono.